Rais Aliyerudi Kuwa Mbunge



Hebu fikiri jambo hili. Rais wa nchi anamaliza kipindi kimoja, anashindwa vibaya katika uchaguzi, anafunga mizigo yake na kurudi kwao. Haupiti muda mrefu, majirani wanamfuata: mzee, tunaomba utuwakilishe bungeni. Naye anakubali. Anarudi mji mkuu na kuingia katika Baraza la Wawakilishi, akiwa mbunge mmoja kati ya wabunge mia mbili na kitu. Akitaka kusema, inambidi asimame amwombe Spika ruhusa kama mwenzake yeyote. Ikulu alimokuwa akilala iko palepale mjini, na anayelala humo sasa ni yule aliyemshinda.

Sisi tumezoea rais akiondoka madarakani awe mzee wa taifa. Anaombwa ushauri, anakaribishwa kwenye sherehe, anakaa kiti cha mbele. Kurudi kugombea ubunge wa nyumbani tungeona ni kujishusha. Lakini mtu huyo alikuwapo. Aliitwa John Quincy Adams, Rais wa 6 wa Marekani, na mpaka leo hakuna rais mwingine wa nchi ile aliyetoka Ikulu akaenda kukaa katika Baraza la Wawakilishi.

Jioni hii nataka tumzungumzie, kwa sababu maisha yake yanajibu swali linalotuhusu sote: mtu akishavuliwa cheo, anabaki na nini? Ninavyomsoma mimi, kazi kubwa kuliko zote Adams aliifanya baada ya kupoteza cheo kikubwa kuliko vyote. Tena aliweza kuifanya kwa sababu alikuwa amekipoteza.

Tuanzie mwanzo. Adams alizaliwa tarehe 11 Julai 1767 huko Braintree, Massachusetts, mahali ambapo leo panaitwa Quincy. Baba yake, John Adams, alikuwa mmoja wa waasisi wa taifa na baadaye Rais wa 2. Mama yake, Abigail, alikuwa mwanamke mwenye akili kali na kalamu isiyochoka. Juni 1775, mtoto akiwa hajatimiza miaka minane, mama alimshika mkono wakapanda kilima karibu na nyumbani, na kutoka hapo wakatazama kwa mbali moshi wa vita vya Bunker Hill. Mtoto huyo hakusimuliwa habari za kupigania uhuru. Aliziona kwa macho yake.

Alipokuwa na miaka kumi, baba yake alimchukua kwenda Ufaransa. Akiwa na miaka kumi na minne alisafiri hadi St. Petersburg, Urusi, kumsaidia mjumbe wa Marekani kama katibu na mkalimani wa Kifaransa. Akiwa na miaka kumi na miwili tu alikuwa ameanza kuandika shajara, na hakuiacha mpaka uzeeni. Juzuu zake ni 51, kurasa zaidi ya 14,000. Ishike shajara hiyo akilini, msikilizaji, maana tutairudia.

Vyeo vilimfuata kimoja baada ya kingine. George Washington alimteua kuwa mwakilishi wa Marekani nchini Uholanzi mwaka 1794. Baadaye akaenda Prussia, kisha akarudi nyumbani na kuwa Seneta kuanzia mwaka 1803. Hapo alionyesha dalili ya mapema ya tabia yake. Chama chake kilipompinga Rais Thomas Jefferson katika suala la kuzuia biashara na mataifa ya nje, Adams aliona Jefferson ana hoja, akampigia kura. Chama kilikasirika na kumchagua mtu wa kushika nafasi yake hata kabla muhula wake haujaisha. Adams hakungoja kufukuzwa. Alijiuzulu mwaka 1808.

Akapelekwa Urusi kuwa balozi. Mwaka 1814 aliongoza ujumbe uliosaini Mkataba wa Ghent, uliomaliza vita kati ya Marekani na Uingereza, na baada ya hapo akawa balozi London. Kuanzia mwaka 1817 hadi 1825 alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Rais James Monroe. Ni yeye aliyejadiliana na Hispania mpaka Florida ikawa ya Marekani. Ni yeye pia aliyeshika kalamu kwa sehemu kubwa katika tamko la mwaka 1823 lililozionya dola za Ulaya zisianzishe makoloni mapya katika bara la Amerika.

Sasa turudi kwenye shajara. Mwaka 1820, Bunge lilipogombana kama Missouri iingie katika Muungano ikiwa na utumwa, Adams alikaa usiku na kalamu yake akaandika maneno mazito. Aliuona utumwa kuwa aibu iliyolichafua taifa zima, na akawaza kwamba huenda siku moja Muungano wenyewe ungevunjika kwa ajili yake. Aliyaandika hayo chumbani. Hadharani alinyamaza.

Wala hakunyamaza tu. Akiwa Waziri, alikataa pendekezo la Waingereza la kuruhusiana kupekua meli ili kuwanasa wafanyabiashara wa watumwa, kwa hoja ya kulinda heshima ya bendera ya Marekani. Aliwatetea pia wenye watumwa waliodai fidia kwa watu wao waliotorokea upande wa Waingereza wakati wa vita. Nalisema hili wazi, kwa sababu tukimsifu mtu kwa kumfichia makosa tunakuwa hatujamsifu. Adams aliijua haki miaka mingi kabla ya kuitetea. Alikuwa anautazama urais, na urais haukupatikana bila kura za majimbo ya kusini, walikokuwa wenye mashamba na watumwa.

Urais aliupata, lakini kwa njia iliyomharibia. Katika uchaguzi wa mwaka 1824 walikuwa wagombea wanne. Andrew Jackson alipata kura 99 za wajumbe wa uchaguzi, Adams 84, William Crawford 41 na Henry Clay 37. Hakuna aliyepata zaidi ya nusu, hivyo Katiba ikalitaka Baraza la Wawakilishi liamue. Clay alimuunga mkono Adams, na tarehe 9 Februari 1825 Adams akachaguliwa. Siku chache baadaye akamteua Clay kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Wafuasi wa Jackson walipiga kelele kwamba wawili hao wameuziana nchi, na kelele hizo hazikukoma miaka yote minne.

Aliingia Ikulu na mipango mizuri: barabara, mifereji, chuo kikuu cha taifa, kituo cha kutazamia nyota. Bunge liliikwamisha karibu yote, na kile kituo cha nyota wapinzani walikigeuza kichekesho. Mwaka 1828 Jackson alimwangusha kwa kura 178 dhidi ya 83. Adams hakuhudhuria kuapishwa kwa mshindi wake. Takriban miezi miwili baadaye, mtoto wake wa kwanza, George, alikufa maji baada ya kuanguka kutoka kwenye meli ya mvuke. Mzee alirudi Massachusetts akiwa na msiba moyoni na jina lililochafuka. Alikuwa na umri wa miaka 61, na wengi waliamini ameshamaliza.

Wazee wa pwani wanasema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, anakokaa mshika usukani. Omo ni mbele, chombo kinapopasua mawimbi. Ngama ni kule chini kabisa, maji ya bahari yanapojikusanya, na mabaharia hushuka huko kwa zamu kuyafua, la sivyo chombo chote kinazama. Adams alikuwa amekaa tezi na amekaa omo. Mwaka 1830 watu wa eneo la Plymouth walimwomba ashuke ngamani.

Mkewe Louisa hakupenda. Mwanawe Charles hakupenda. Kuna walioona ni fedheha kwa mtu aliyekuwa Rais. Adams aliwajibu kwamba hakuna mtu anayeshushwa kwa kuwatumikia watu, hata wakimchagua kuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Aliweka sharti moja: hatapita kuomba kura, na akichaguliwa atafuata dhamiri yake, si chama. Wakamchagua kwa kishindo. Usiku ule aliandika kwamba hakuna uchaguzi uliowahi kumfurahisha kama huo, hata ule wa urais.

Alikaa bungeni kuanzia Desemba 1831 mpaka kufa kwake. Na humo, yale maneno ya chumbani yakatoka nje.

Sikiliza yalivyotoka. Enzi hizo wananchi wa kawaida, wengi wao wanawake wasio na haki ya kupiga kura, walikuwa wakikusanya sahihi nyumba kwa nyumba na kutuma Bungeni maombi ya kutaka utumwa ukomeshwe katika mji mkuu wa Washington. Maombi yalifika kwa maelfu. Wabunge wa kusini hawakutaka hata kuyasikia, na Mei 1836 wakapitisha kanuni kwamba ombi lolote linalohusu utumwa liwekwe kando moja kwa moja, lisisomwe, lisichapishwe, lisijadiliwe. Watu wakaiita kanuni ya kuziba midomo.

Adams alisimama kuipinga na kusema inavunja Katiba. Tuelewane hapa: wakati huo hakujiita mpiganaji wa kukomesha utumwa, na baadhi ya waliokuwa wakipigania jambo hilo walimlaumu kwa kusitasita. Alichokishika kwanza ni haki ya mtu kuomba. Hoja yake ilikuwa kwamba mnyonge asiye na kura, asiye na mali, asiye na jamaa mkubwa, amebakiwa na mlango mmoja tu, nao ni kupeleka ombi lake kwa watawala. Wanaweza kumkatalia, lakini hawana haki ya kuziba masikio. Alivyozidi kuushikilia mlango huo, ndivyo alivyozidi kuwaona waliosimama nyuma yake.

Tarehe 6 Februari 1837 alisimama na karatasi mkononi. Akamuuliza Spika, James Polk, aliyekuja kuwa Rais baadaye: ninalo ombi linaloelezwa kuwa limetoka kwa watumwa 22, je, kanuni inaruhusu nilitoe? Ukumbi ulichafuka. Wabunge walipaza sauti wakitaka akaripiwe, wengine wakitaka afukuzwe, na mmoja akisema afikishwe mahakamani. Adams aliwaacha waseme wamalize. Kisha akawaeleza kwamba hawajauliza ombi lenyewe linasema nini. Lilikuwa linataka utumwa usikomeshwe! Hasira ziliongezeka mara mbili. Lakini alikuwa amewaonyesha ukweli wao: hawakuogopa maneno ya ombi, waliogopa kukiri kwamba mtumwa ana ulimi. Azimio la kumkaripia lilishindwa, ingawa Baraza lilitamka wazi kwamba watumwa hawana haki ya kuomba. Akaendelea kuleta maombi, kikao baada ya kikao, akikatizwa kila mara.

Kisha ikaja kesi ya Amistad, na hapa, msikilizaji, habari inasogea karibu na sisi.

Mwaka 1839 Waafrika waliotekwa katika nchi inayoitwa leo Sierra Leone, wengi wao Wamende, walivushwa bahari hadi Havana na kuuzwa. Wakiwa njiani kupelekwa sehemu nyingine ya Cuba ndani ya meli ya Amistad, walijifungua minyororo wakiongozwa na Sengbe Pieh, wakaiteka meli na kuamuru irudishwe Afrika. Wahispania waliobakishwa kuiongoza waliwadanganya, usiku wakiigeuza kuelekea kaskazini. Agosti mwaka huo jeshi la majini la Marekani liliikamata karibu na Long Island, na Waafrika wakatiwa gerezani Connecticut. Hakuna aliyejua lugha yao. Profesa mmoja wa chuo cha Yale, Josiah Gibbs, alijifunza kutoka kwao kuhesabu moja hadi kumi kwa Kimende, akaenda bandari ya New York akitembea gatini huku akizitamka namba hizo kwa sauti, mpaka baharia mmoja, James Covey, akageuka. Alikuwa ameisikia lugha anayoijua. Ndivyo wafungwa wale walivyopata mdomo.

Miezi michache baadaye, tarehe 30 Aprili 1840, katika bandari hiyohiyo ya New York ilitia nanga meli ya Sultana, ya Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja. Iliongozwa na Ahmad bin Naaman, na ilikuwa na karafuu na pembe za ndovu. Ilipokewa kwa shangwe, nao wafungwa wa Amistad wakiwa bado kizuizini katika jimbo la jirani. Wala sisi tusijifanye wageni wa mambo haya. Miaka hiyohiyo watu wa bara letu walikuwa wakinadiwa katika soko la Unguja, na soko lile halikufungwa mpaka mwaka 1873. Swali lililokuwa mbele ya majaji wa Washington lilikuwa swali letu pia: mtu aliyeibwa ni mali ya nani?

Serikali ya Rais Martin Van Buren ilitaka Waafrika wale wakabidhiwe kwa Wahispania. Mahakama ya chini ilikataa, serikali ikakata rufaa. Wapinga utumwa walimwendea Adams. Alikuwa na miaka 73, mikono ikitetemeka, na kwa zaidi ya miaka thelathini hakuwa amesimama mbele ya Mahakama Kuu. Akakubali, akiwa pamoja na wakili Roger Baldwin. Watano kati ya majaji tisa walitoka majimbo ya utumwa. Tarehe 24 Februari na 1 Machi 1841 alizungumza kwa saa nyingi. Aliwaonyesha Tamko la Uhuru lililotundikwa humohumo ukumbini, akawauliza kama sheria nyingine yoyote inahitajika kujua kwamba mtu ana haki ya uhai na uhuru wake. Tarehe 9 Machi Jaji Joseph Story alisoma uamuzi: wale ni watu huru walioibwa, waachiwe. Waliobaki hai, 35, walirudi Afrika na kufika Sierra Leone Januari 1842. Adams hakutaka ujira. Walimzawadia Biblia.

Mwezi huohuo wa Januari mahasimu wake waliona wamempata. Alikuwa ametoa bungeni ombi la wakazi 46 wa Haverhill, Massachusetts, lililotaka Muungano uvunjwe kwa amani. Yeye mwenyewe hakukubaliana nalo, ila alisema wana haki ya kusikilizwa. Wakamshtaki kuwa amelitukana Baraza. Adams aliomba karani asome mwanzo wa Tamko la Uhuru, pale panaposema watu wana haki ya kuiondoa serikali inayowadhulumu. Kisha akajitetea kwa takriban wiki mbili, peke yake, mzee wa miaka 74, akigeuza kesi yake kuwa kesi ya utumwa wenyewe. Mambo yote yaliyokatazwa kusemwa kwa miaka sita aliyasema, kwa maana mshtakiwa hakatazwi kujitetea. Tarehe 7 Februari wakachoka, wakaiweka hoja kando kwa kura 106 dhidi ya 93.

Miaka miwili na zaidi baadaye, tarehe 3 Desemba 1844, azimio lake la kuifuta kanuni ya kuziba midomo lilipita kwa kura 108 dhidi ya 80. Miaka minane! Mtu mwingine angekata tamaa mwaka wa pili. Alikuwa pia mmoja wa wabunge 14 tu waliopinga vita dhidi ya Mexico mwaka 1846, akiamini ni vita vya kuutafutia utumwa ardhi mpya.

Tarehe 21 Februari 1848, akiwa na miaka 80, alikuwa kitini pake Baraza lilipopiga kura kuwatukuza majenerali wa vita hivyo. Akajibu hapana. Muda mfupi baadaye akainuka kutaka kusema, akaanguka mikononi mwa mwenzake. Walimbeba hadi chumba cha Spika, na humo ndani ya jengo la Bunge akafariki siku mbili baadaye. Katika kamati ya kupanga mazishi aliwekwa mbunge mgeni kutoka Illinois, aliyekuwa katika muhula wake wa kwanza. Jina lake Abraham Lincoln. Miaka 17 baada ya mazishi hayo, utumwa ulifutwa katika Katiba ya Marekani.

Msikilizaji, nimekaa na maisha ya mtu huyu na sikubali kumfanya malaika. Mtu aliyejua haki akiwa na miaka 52, na akangoja mpaka apoteze urais ndipo aipiganie, ana deni. Lakini deni hilo alilikiri kwa matendo, na akalilipa mpaka pumzi ya mwisho. Alipokuwa Waziri na Rais alikuwa na nguvu, ila nguvu zile zilikuwa zimefungwa na hofu ya kuzikosa. Aliporudi kuwa mbunge wa watu wa Plymouth hakuwa na cha kuogopa, na hapo ndipo sauti yake ilipofika mbali.

Wapo kati yetu waliokuwa wakubwa jana na leo hawana ofisi. Wengine wanakaa barazani wakihesabu waliowasaliti. Kwao nasema: chombo bado kinaingia maji, na ngamani kuna kazi. Na kwako uliye na cheo leo, hata kiwe cha mtaa, usiyaache yale unayoyajua yabaki kwenye shajara. Kesho wakija kukuletea barua ya mnyonge asiye na wa kumsemea, ipokee, isome, na isimamie ukiwa bado ofisini. Adams alichelewa. Wewe usichelewe.